Mgeni rasmi msibani

Nimekaa London miaka 14 na bado kuna maneno mawili nikiyasikia kwenye maziko damu inanichemka: mgeni rasmi. Msiba una mgeni rasmi? Mwenye siku yake si yule aliye ndani ya jeneza?

Binamu yangu na wenzake wawili walikufa gari lilipotumbukia kwenye kalvati lisilo na kingo, huko kwetu Bukoba vijijini. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kuzika. Ratiba ilisema saa nane. Saa nane kaburi liko wazi migombani, padri ameshavaa, jua linachoma, na MC anatutuliza kwamba msafara wa mheshimiwa uko njiani. Ukawa njiani mpaka saa kumi na robo. Mama mdogo, mzazi wa marehemu, alinyanyuliwa kutoka kwenye mkeka alipokuwa ameegemea mawifi zake, akakalishwa mstari wa mbele kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa cheupe ili kamera zimpate. Itifaki imezingatiwa. Salamu za mheshimiwa zilichukua dakika 40, na ndani yake barabara ya lami ilitajwa mara nyingi kuliko marehemu. Kuku walikuwa wametengwa kwa ajili ya msafara. Sisi wafiwa tulikula ndizi na maharage, tena giza limeshaingia.

Nilirudi huku nikiapa kwamba bora viongozi wasije kabisa.

Kisha ikaja Grenfell, jengo la makazi hapa London. Usiku wa Juni 14, 2017 jengo lile la ghorofa 24 liliteketea, wakafa watu 72. Nilikuwa nakaa Shepherd's Bush, ukitembea kwa miguu hufiki mbali. Nilibeba mablanketi mawili nikapeleka, nikaambiwa vitu vimejaa mpaka hakuna pa kuviweka, nikarudi nayo kwapani kama mjinga. Kesho yake Waziri Mkuu Theresa May alifika, akazungumza na wazima moto, akaondoka bila kuonana na wakazi. Usalama, tukaambiwa. Siku hiyohiyo Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani, alionekana amemkumbatia mama mmoja. Meya Sadiq Khan alipigiwa kelele, na mtoto mdogo akamuuliza usoni ni watoto wangapi waliokufa. Ijumaa akaja Malkia Elizabeth, bibi wa miaka 91, na mjukuu wake William. May naye akarudi Ijumaa hiyohiyo, safari hii kwenye kanisa la St Clement, na alipotoka akazomewa: mwoga! aibu! Mwaka mmoja baadaye aliandika gazetini kwamba atajuta daima kwa kutoonana na wakazi ile mara ya kwanza.

Ile zomeazomea ilinikalia kichwani wiki nzima. Kwetu kumpigia kelele mheshimiwa msibani ni utovu wa adabu, na pengine ni kulala ndani. Lakini wale watu hawakukosa adabu. Walikuwa wamelalamika kuhusu usalama wa jengo lao kabla ya moto, hawakusikilizwa, na sasa aliyetakiwa kusikiliza alikuwa hatua chache mbele yao. Nikaona kwamba kazi ya kiongozi aendaye msibani nusu yake ni hiyo, kusimama azomewe. Pole anaweza kuituma kwa simu.

Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani hapo hapo Bukoba, wakafa watu 19. Waziri Mkuu Majaliwa alifika siku ileile, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyotangulia, na watu walivuta ndege kwa kamba na mikono. Kesho yake uwanja wa Kaitaba ulikuwa na majeneza na hotuba. Mfiwa wa kushika kipaza sauti na kuuliza kwa nini uokoaji uliachiwa wavuvi, mimi sikumwona, na nilifuatilia kwenye simu tangu alfajiri ya huku.

Nazijua hoja za wanaosema wasije. Msafara unaziba barabara, polisi wanaacha shughuli wanapanga magari. Mwaka 1966 lundo la taka za makaa lilipoporomokea shule ya Aberfan, Wales, na kuua watu 144, watoto wakiwa 116, Malkia alikaa siku nane ndipo akaenda, kwa kuhofia kuwavuruga waokoaji. Inasemekana alilijutia hilo maisha yake yote. Shemeji yake, Lord Snowdon, alikuwa ameshafika mapema, bila msafara, akakaa na wafiwa majumbani mwao. Kwa hiyo inawezekana. Tatizo ni V8 kumi na mbili, hema la wageni maalumu na mpiga picha anayemwambia mjane ageuke kidogo.

Nilimweleza mama mdogo haya yote kwenye simu, nikidhani ataniunga mkono. Akanyamaza kidogo, akasema mimi sikuona kila kitu siku ile. Kumbe kabla ya kuondoka mheshimiwa aliingia ndani walikokuwa kina mama, akavua viatu mlangoni, akakaa chini mkekani kama dakika kumi, bila kamera, amemshika mkono. Hotuba haikumbuki hata neno moja. Lile la kukaa chini analisimulia mpaka leo.

"Ukamwambia nini?" nikamuuliza. "Lile kalvati ulimwambia?" Maana diwani alishaambiwa, na mtendaji alishaandikiwa, na mpaka leo halina kingo.

"Nimwambie nini, mwanangu," akasema, "na yule ni mgeni?"