Mashine huria ya kusafisha protini: pampu si tatizo, tatizo ni jicho

Ukishawapasua bakteria waliokutengenezea protini unayoitaka, unabaki na uji wenye maelfu ya protini nyingine. Njia iliyozoeleka ni kuipa protini yako mkia wa histidini sita (histidini ni asidi amino inayoshikamana na nikeli), kupitisha uji kwenye safu yenye nikeli ili mkia unase, kisha kuing'oa kwa imidazoli, kemikali inayochukua nafasi ya mkia kwenye nikeli. Kwa mkono inawezekana, tone kwa tone. Mashine za kusafisha protini za kiwandani, kama ÄKTA, huifanya wewe ukiwa umelala, ila bei yake ni ya gari na programu yake imefungwa.

Ndiyo maana wapo wanaojiundia mashine huria, yaani zenye michoro iliyo wazi kwa wote, na wana mifano ya kutamba nayo. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani, walitoa bure michoro ya Poseidon, pampu ya bomba la sindano inayochapwa kwa printa ya 3D na kuendeshwa na Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki cha bei nafuu. Ukijumlisha na hadubini yake, gharama haifiki dola 400. Dar es Salaam nako Bongo Tech & Research Labs wameunda hadubini huria za OpenFlexure, mradi ambao Taasisi ya Afya Ifakara imeushughulikia kwa upande wa malaria.

Sawa, lakini kusukuma maji ni kazi nyepesi. Mashine lazima pia iwe na jicho la kuiona protini inapotoka, na hapo ndipo miradi mingi hukwama. Protini hufyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 280, ambao kioo cha kawaida huuzuia; unahitaji dirisha la kwatsi. Taa zake za LED zipo, ila hubadilika na joto: kiyoyozi kikizimwa jioni, mstari wa kipimo kwenye skrini unaanza kupanda wenyewe ukadhani umepata mavuno. Imidazoli chafu nayo hufyonza mwanga huohuo. Kampuni zinatoza pesa nyingi kwa sababu zimeshayamaliza matatizo haya, na hilo tusiwanyime.

Wanachokisahau watetezi wao ni fundi. Nimewahi kuona mashine ya kisasa imefunikwa shuka miezi kadhaa, inasubiri vali moja kutoka ng'ambo. Ya kujiundia ungeichapa vali upya, mradi aliyeiunda bado yupo. Mwanafunzi akishahitimu akaondoka na maelezo yote kichwani, uhuria wa michoro haukusaidii kitu.

Tena kuna kazi zisizohitaji mashine kabisa. Taq, kimeng'enya cha PCR (njia ya kunakili DNA) ambacho hataza zake za msingi zimeshaisha, huvumilia joto: chemsha uji kwa nyuzi 75, protini nyingi za bakteria zinaganda, Taq inabaki.

Kwa anayetafuta umbo la protini au kutengeneza dawa, ningesema anunue. Kwa maabara ya kufundishia, ningeunda pampu na kikusanyio cha kupokea kinachotoka kwenye vichupa tu, nikaachana na jicho. Kila kichupa kinachotoka, chukua tone, lichanganye na rangi ya Bradford ya mwaka 1976, inayogeuka buluu ikikutana na protini. Safu ikishaoshwa na ukaanza kupitisha imidazoli, vichupa vya mwanzo vitabaki na wekundu wa kahawia. Huenda cha saba au cha nane ndicho kitageuka buluu.