Haivuji Hata Tone

Niseme mapema: injini ile niliifunga mwenyewe, kwa hiyo hapa hakuna fundi wa kusingiziwa. Ilikuwa injini ya pikipiki, silinda moja, ukubwa wa cc 125. Niliifungua bolti kwa bolti, nikabadilisha pistoni, ringi na beringi za kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, niliutikisa, nikauona mzima, nikauacha palepale. Nilipomaliza kufunga nilibaki na nati moja tu mkononi. Moja! Wenzangu wa ufundi wa uani watakubali kwamba huko ni kufaulu kwa daraja la kwanza.

Lakini kiburi changu hakikuwa kwenye pistoni. Kilikuwa kwenye silikoni, ile gundi ya kuzibia. Kabla ya hapo injini ile ilikuwa inavuja kama mtoto asiye na nepi, na mimi nikaapa kwamba safari hii oili haitaiona nje tena. Nikapaka silikoni nyekundu kila mahali chuma kinapokutana na chuma, juu ya gasketi na chini ya gasketi, nene kama dawa ya meno kwenye tangazo. Nilipokaza bolti ikafurika pembeni, nikaifuta kwa kidole, nikatazama kazi yangu nikacheka peke yangu. Kwamba inayofurika nje hufurika na ndani pia, hilo halikunijia.

Ikawaka kiki ya pili. Jioni nikatandaza karatasi nyeupe chini ya injini, asubuhi nikaita majirani waje kuikagua. Nyeupe pe! "Haivuji hata tone," niliwaambia, na nikaendelea kuwaambia hata wale ambao hawakuuliza.

Siku ya tatu ikaanza kugonga. Ko, ko, ko. Mpwa wangu wa miaka minane ndiye aliyesikia kwanza.

"Mjomba, ndani kuna mtu?"

"Ni tapeti," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Tapeti, vile vidude vya juu vinavyosukuma valvu, ile milango ya hewa na moshi, hulia kwa wepesi, tiki tiki, na hulia polepole kwa sababu kamshafti, mhimili unaoziendesha, huzunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara mbili. Mlio wangu ulikuwa mzito, unatoka chini, unakwenda sambamba na kranki, na nikipiga resi unapanda nayo. Yote hayo nilikuwa nayajua. Ningeweza kumfundisha mtu. Nikachukua bisibisi, ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari, nikainama ili nisikie vizuri, shavu likagusa ekzosi. Mlio uliosikika kuliko yote ulikuwa wangu.

Basi nikafungua kifuniko cha tapeti. Ndani kulikuwa kukavu, kunang'aa kama sahani iliyofutwa kwa kitambaa. Nikamwita mpwa wangu aje aone usafi.

"Unaona? Hata huku hakuna tone."

Kama unaijua injini, najua saa hii umeshika kichwa. Mle ndani pampu inatakiwa kuwa inarusha oili wakati wote, na fundi mwenye akili, akishafunga injini upya, huhakikisha oili inapanda hadi juu kabla hajaitoa barabarani. Mimi niliona ukavu nikausifia. Nikarekebisha tapeti, ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikatoka na pikipiki.

Kwenye kilima kidogo, gia ya tatu, ikasema KWA! Gurudumu la nyuma likang'ang'ania, nikabana klachi, nikaserereka hadi pembeni. Halafu kimya. Kimya kile nilikifurahia kidogo, kwa sababu kugonga kulikuwa kumeisha.

Nikaisukuma hadi nyumbani nikianza uchunguzi njiani. Petroli? Tangi limejaa. Plagi? Cheche nzuri ya buluu. Nikapiga kiki, kiki ikashuka kama mguu uliokosa ngazi gizani. Hakuna cha kuusukuma urudi. Ndani kukasikika mlio kama wa kijiko ndani ya kikombe kitupu. Nikatoa plagi, nikaziba tundu kwa kidole gumba nikapiga tena. Injini yenye kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni, inakirusha kidole. Yangu haikukipumulia hata kidogo.

"Valvu," nikatangaza. "Zimepinda."

Ili kuthibitisha, nikatumbukiza mrija wa kunywea soda kwenye tundu la plagi. Pistoni ikipanda, mrija unapanda, ikishuka, unashuka. Kipimo hicho ni rahisi na hakidanganyi. Nikazungusha kiki taratibu kwa mkono. Mrija haukutikisika. Nikazungusha tena. Umekaa tu kama mgeni asiyeaga.

Nikaamua mrija ni mbovu, nikaleta mwingine.

Na huo ulipogoma nikahamia kwenye kiki: labda meno yake yameisha, haishiki kranki. Nikafungua upande wa klachi, nikapoteza mchana mzima, nikakuta meno yote yapo kama ya mtoto wa shule. Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo akitazama upande wa pili, ambako kifuniko cha sumaku kilikuwa wazi na gurudumu lililofungwa kwenye kranki linaonekana.

"Mjomba, hili gurudumu la huku linazunguka."

"Naliona."

"Na mrija haupandi."

"Naona pia."

"Sasa si kitu cha katikati ndicho kimekatika?"

Nikamtuma akalete maji ya kunywa. Sikuwa na kiu.

Jioni nikamwita mzee mmoja fundi, nikamweleza kuhusu valvu, kiki na ubora wa mirija. Hakunijibu. Alifungua nati ya chini, oili ikashuka ikimetameta kama imetiwa vumbi la fedha. Akatumbukiza sumaku, ikatoka na ndevu za chuma. Kisha akatoa chujio la oili, akalishika juu kwenye mwanga, akanitazama kwa huruma.

"Kijana, injini yako ina minyoo."

Kweli ilikuwa nayo. Minyoo myekundu ya silikoni, minono, imejibana kwenye wavu wa chujio hadi hapana pa kupitisha hata sindano. Oili ilikuwa imejaa chini, lakini pampu ilikuwa inanyonya ukuta. Tukafungua hedi, kile kichwa cha injini, na silinda. Pistoni ikatoka imening'iniza nusu ya mkono. Nusu nyingine ilikuwa bado kwenye kranki, na mwisho wake mkubwa, ule unaoishika kranki, umebadilika rangi kuwa buluu na nyeusi, rangi ya chuma kilichosagika kwa joto bila oili. Beringi yake ilikuwa imeganda. Ilipokataa kuzunguka, kranki haikusubiri, ikaukata mkono.

"Ulikuwa unagonga kabla?" mzee akauliza.

"Kidogo, mzee. Nilidhani tapeti."

Mpwa wangu akakohoa.

Nikajitetea kwa kitu pekee kilichobaki: angalau haikuvuja. Mzee akainama, akachomoa karatasi yangu nyeupe chini ya pikipiki, akaigeuza tuione sote. Katikati palikuwa na doa jeusi, kubwa kama sahani. Kipande cha konrodi kilikuwa kimelipasua bakuli la injini kwa chini, ufa wa urefu wa kidole, unadondoka tone, tone, tone.

Mzee akatazama huku na huku kwenye meza yangu, akaokota tyubu ya silikoni iliyobaki nusu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hapo sasa ndipo pa kupaka," akasema.