Mtu Asiniulize Habari za Stars Mpaka Nimalize Kunyoa

Naandika hapa nikiwa ofisini, nimevaa mzula. Mzula, Dar es Salaam hii, jua la kukaanga samaki, na bosi ameshapita mara mbili ananitazama juu ya miwani bila kusema kitu, mara ya tatu najua atasema. Mzula wenyewe wa mwanangu wa darasa la pili, una kibonge cha nyuzi kule juu kama mkia wa sungura. Yote haya sababu ya mtu kuniuliza swali moja tu, eti AFCON ya 2027, kombe la mataifa ya Afrika, timu yetu ya taifa Stars tutafika wapi.

Sasa kabla hamjanicheka niweke mambo sawa. Mi ni mtu wa Msimbazi, yaani Simba, toka tumboni. Sijasema siipendi Stars, naipenda, ila naipenda kama unavyompenda shemeji yako mlevi, unamwombea mema ila siku ya sherehe unamkalisha mbali na maiki. Na hebu nieleweni shida yangu. Kule Morocco kwenye AFCON ya mwezi wa kumi na mbili 2025 benchi la Stars kakaa nani? Gamondi. Gamondi yule yule aliyekuwa kocha wa Yanga, watani wetu, tarehe 5 Novemba 2023 tukala tano moja, wiki nzima nikawa namtuma mtoto dukani maana muuza duka ni mtu wa Jangwani, huko huko Yanga, na chenji anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, taaano. Mabeki wa kati? Bacca, Job, Mwamnyeto: Jangwani, Jangwani, Jangwani. Unasema basi nijifariji na kushoto, kushoto yuko Tshabalala, zaidi ya miaka kumi mtoto wetu, nahodha wetu, nilishamwombea mpaka dua, 2025 akahama, akahamia wapi sitaki hata kuandika. Kwa hiyo mi nikiwa kibanda umiza Stars wakishambuliwa moyo unakatika vipande viwili, kimoja kinasema nchi yangu jamani, kingine kinasema Mungu wangu isiingie goli ila huyo beki apigwe tobo, apitishiwe mpira miguuni, tobo moja tu, nipate la kuongea kesho.

Nikiwaambia watu wananiona mchawi. Na wao wako hivyo hivyo, ila hawasemi.

Lakini kilichoniua mimi hasa ni matumaini. Zamani tulikuwa tunaishi vizuri sana. 1980 tulienda Lagos, tukarudi, halafu miaka 39 kimya mpaka Misri 2019, yaani mtu kazaliwa, kasoma, kaoa, kaachwa, kaoa tena, Stars hawajaenda popote, na watu tulikuwa na amani zetu. Brazil walikuja hapa 2010 wakatupiga tano moja tukalishangilia lile moja la Jabir Aziz kama tumebeba kombe. 2015 Algeria tuliwaongoza mbili bila hapa hapa kwa Mkapa, zikarudi zote mbili, siku tatu mbele tukaenda kwao Blida tukala saba. Saba! Mi usiku ule nililala kama mtoto aliyekunywa uji. Goli saba hazina "tungejua", hazina "yule mwamuzi", unazima redio unapanda kitandani.

Sasa hivi je? Sasa hivi wanakunyima usingizi. Ivory Coast, Januari 2024, na Zambia, Msuva kafunga dakika ya 11, Zambia wametolewa mtu wako kumi, mi nina chipsi mayai mkononi nimegoma kula mpaka mpira uishe nisije nikaleta nuksi, dakika ya 88 Patson Daka wao anaweka kichwa, moja moja. Chipsi nilizila baridi, nikiwa nimesimama, na kachumbari imeshakuwa supu. Halafu hii ya juzi ya kule Morocco ndo usiseme: Nigeria katupiga mbili moja, Uganda sare, Tunisia sare, pointi mbili mkononi, na tukavuka makundi! Besti luza, yaani kati ya washindi wa tatu bora! Nchi nzima siku ile ilikuwa darasa la hesabu, watu waliokimbia hesabu toka darasa la nne wanakokotoa magoli ya Angola kwenye daladala. Tumeingia 16 bora bila kushinda mechi. Nami kama mjinga nikaanza kuota. Kidogo tu. Nikaota robo fainali.

Tukakutana na Morocco, kwao Rabat.

Hapo Morocco nataka niseme kitu, nahisi tumerogwa kwa jina. 2024 AFCON walitupiga tatu. Mei 2025 Berkane ya kwao wamechukua kombe la Shirikisho mbele ya Simba yangu, pale Zanzibar tumelia watu wazima. Agosti kwenye CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, tumeongoza kundi letu vizuri, robo fainali kwa Mkapa anakuja nani, Morocco, moja bila. Januari 2026 Rabat, Brahim Diaz, moja bila tena, na ile ya dakika za mwisho kijana wetu kaangushwa ndani ya boksi mwamuzi kapeta, yaani kapeta kama anafukuza nzi. Na kocha wetu kabla ya Gamondi aliitwa nani? Hemed Morocco! Na mi naishi Mwananyamala, mwendokasi nashukia wapi kila siku ya Mungu? Morocco! Sauti ikisema kituo kinachofuata Morocco nahisi nimeshafungwa moja.

Haya, jana. Jana jioni nimetoka kazini nikasema nikanyoe, maana leo kulikuwa na wageni wa ofisi, nionekane mtu. Kinyozi wangu ni mtu wa Yanga, najua, nimemvumilia miaka mingi kwa sababu mkono wake mwepesi na anachukua buku tatu. Nimemkuta ana mtoto mmoja anamaliza, na kwenye benchi kuna mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa, yule hajawahi kunyolewa pale, anakuja kwa ajili ya feni. Shikamoo mzee, marahaba, nikakaa. Kitambaa shingoni, mashine ikawashwa, akaanza upande wa kushoto. Vizuri kabisa. Akafika katikati ya utosi. Hapo hapo akauliza.

"Braza, 2027 AFCON nyumbani, sisi na Kenya na Uganda, Arusha uwanja ule, hatuhangaiki hata kufuzu. We unaona tutafika wapi?"

Nikamwambia taratibu, kwa heshima, kwamba nadhani tuanze na kushinda mechi moja. Maana nilishapiga hesabu: 1980 mechi tatu, 2019 tatu, 2024 tatu, hii ya juzi nne, jumla 13. Sare 5, kufungwa 8, kushinda hola.

Jamaa akasimama. Tatizo la kinyozi wangu hawezi kubishana na kunyoa kwa wakati mmoja, vitu viwili havikai kwenye kichwa chake, kwa hiyo mashine ikapanda hewani, imewashwa, inalia zzzz, na yeye anahutubia. Kwamba sisi makolo, yaani watu wa Simba, ndo tunaivuta nchi nyuma. Kwamba 2027 ni fainali. Fainali! Nikamuuliza fainali kwa timu gani, akasema kwa beki ya Wananchi, yaani Yanga yake, nikasema beki hiyo hiyo iliyofungwa na Morocco, akasema goli lile hata malaika angefungwa, nikasema basi tuwaite malaika, na mashine zzzz hewani, feni inazunguka, televisheni inaongea peke yake.

Ndo mzee wa kahawa akaingilia. Watu wazima bwana, wanajua kuchagua muda. Akasema, "Wanangu msigombane, mzee Mwinyi alishamaliza zamani. Alisema mpira wetu ni kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia."

Mi nikacheka. Kinyozi hakucheka. Kinyozi kaichukua kama tusi la kazini! "Mzee, mimi sijifunzii kwa mtu! Miaka tisa niko kwenye hiki kiti! Leta kichwa chochote!" Mzee anamwambia nasema mpira, yeye anasema hapana, umesema kinyozi, umenitazama mimi. Dakika kama kumi tukaacha habari za Stars tukawa tunajadili heshima ya vinyozi Tanzania. Na mashine bado iko hewani.

Mara ikanyamaza. Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Televisheni giza.

Uniti za umeme zimeisha.

Nikajitazama kwenye kioo kwa mwanga wa nje uliobaki. Kushoto kipara kinang'aa, kulia msitu wa Kazimzumbwi. Katikati mstari umenyooka utadhani refa kapiga chaki. Mzee akaniangalia muda mrefu, akanywa kahawa, akasema, "Sasa hicho ndo chenyewe." Nikajua anaongelea kichwa.

Haya, uniti zikanunuliwa kwa simu ya mzee, maana ya kinyozi haina salio na yangu chaji asilimia mbili. Mtandao ukazunguka nusu saa, meseji ikaingia, namba 20. Mita iko juu ya mlango, kinyozi kapanda kwenye stuli, mzee anasoma kwa miwani aliyoifunga na uzi, mi nashika tochi na nimejifunika kitambaa kichwani kama bibi harusi maana watu wanapita. Mzee anasoma: sifuri, tatu, tisa, mbili, vizuri. Saba, saba, nne. Halafu akasema, "Tano. Moja."

Kinyozi akaangua kicheko juu ya stuli! "Rudia mzee, rudia hapo, tano ngapi?" Na mzee bila hiyana anarudia, "Tano, moja." Nikasema weka namba wewe, yeye anajishika mbavu. Sikuvumilia jamani, nikamkumbusha Mei 2012 tulivyowapiga tano bila, bila! hata moja ya kufutia machozi hamkupata, akageuka kunijibu, kidole kikabonyeza sijui wapi, mita ikaandika makosa. Tukaanza upya. Sifuri, tatu, tisa, mbili, tukafika pale pale, mzee kabla ya kusoma akakohoa, na mi nikaona mabega ya kinyozi yanatikisika. Makosa tena. Mara ya tatu nikamwomba mzee aruke hizo namba mbili, akaniambia mwanangu tokeni hairukwi.

Mara ya nne ikaingia. Taa ikawaka. Nikakaa kwenye kiti, nikanyoosha shingo, nikafumba macho. Namsikia kawasha mashine, zzzz, inakuja, imefika sikioni, ikasimama.

"Braza. Sema tu Bacca ni beki bora nchi hii, nikumalizie."

Jamani. Mi ni baba wa watoto wawili. Ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu, watu wananikabidhi hela zao. Sentensi moja ile, maneno sita, ningeisema ningekuwa nyumbani saa mbili nakula. Na ukweli wa Mungu Bacca anaucheza mpira, nani hajui. Ila nilivyomwona mzee ameshusha kikombe anasubiri, na mtoto mmoja kachungulia dirishani na jezi ya njano ya Yanga, ulimi ukagoma. Nikasimama. Nikajikung'uta nywele za kushoto. Nikatoa buku na mia tano, nusu ya bei, nikaweka mezani kama balozi aliyerudishwa kwao, nikatoka.

Nje mvua.

Mke wangu kafungua mlango, katazama kushoto, kazunguka, katazama kulia, akauliza, "Mmefungwa ngapi?" Nikamwambia leo hakuna mechi. Akaingia chumbani nikamsikia anacheka kwenye mto. Bodaboda asubuhi kaniambia mzee staili mpya nini, nikamlipa bila kumjibu. Mkasi wa nyumbani haupo, mtoto kaupeleka shule kwa kazi za mikono, na ukiupata mkasi wanaokata nao vifuniko vya maziwa utajinyoa nao nini.

Sasa mwenzangu hapa ofisini ananiambia kuna kinyozi Sinza hana maneno kabisa, ni shabiki wa timu ya Azam. Nikafikiria. Mtu wa Azam utagombana naye vipi, atakunyoa kimya kimya kama anaosha maiti, tena saba elfu, saba elfu kwa nusu kichwa, nimeuliza hawapunguzi, wanasema nusu ni kazi zaidi kwa sababu lazima ifanane na ile nyingine. Na kamati ya harusi inakaa kesho saa kumi, mi ndo nasoma mapato na matumizi mbele ya wakwe, na mwenyekiti ameshatuma meseji kwenye grupu kwamba tusivae kofia ukumbini.