Siku niliyouza tiketi ya Ngezi

Mimi nakatisha tiketi za basi stendi ya Nanenane, Mbeya, na kazi yangu yote iko mdomoni. Mashine inachapa, sawa, lakini abiria wa saa kumi na moja alfajiri, kajifunga kitenge mpaka masikioni kwa baridi, hasomi karatasi. Anataka kusikia. Sasa hebu itaje njia yetu ya Dar: Makambako, Mafinga, Mikumi, Morogoro, Kibaha, Mbezi. Jaribu kutaja hata kimoja bila kukutanisha midomo. Miaka sita nimeita vituo hivyo na sikuwahi kuligundua hilo, mpaka Ijumaa moja ya mwezi wa sita, midomo yangu ilipogoma kukutana.

Chanzo ni sendofu ya mdogo wangu. Mimi ndiye matroni. Kamati ilipitisha sare, ikapitisha viatu, ikapitisha mpaka rangi ya kucha. Midomo nikajipitishia mwenyewe. Shosti wangu mmoja aliniambia kuna mtaalamu katoka Dar, yuko saluni moja pale Mafiati kwa siku tatu, anajaza midomo kwa sindano, ile wanayoiita fila, kwa laki tatu na nusu. Nikaenda Alhamisi baada ya zamu. Chumba cha nyuma, kati ya pipa la maji na draya mbovu. Mtaalamu alikuwa na begi la magurudumu ambalo hakulifungua lote, kama mtu anayejua ataondoka kabla ya muda. Abiria wa namna hiyo nawajua vizuri sana. Nikakaa kwenye kiti hivyo hivyo.

"Mililita moja tu, dada. Watu hawatajua hata."

Kijiko cha chai kinabeba mililita tano. Kwa hiyo nilichotiwa mimi ni moja ya tano ya kijiko, na watu walijua kuanzia Mafiati mpaka Uyole.

Jambo moja tu la maana nililolifanya siku hiyo ni kuomba boksi. Wala si busara, ni mazoea ya kazi: sisi bila kishina hakuna abiria. Mtaalamu akacheka, akanipa boksi tupu lenye maandishi ya Kikorea na stika ya namba. Nikalitumbukiza kwenye pochi pamoja na chenji.

Ijumaa nikaamka saa tisa na nusu usiku, nikawasha taa, nikakutana kwenye kioo na mtu nisiyemfahamu. Mdomo wa juu ulikuwa umepanda kuisalimia pua. Kushoto kumetangulia, kulia kunafuata nyuma kama tela. Nikajaribu kunywa chai. Ikateremka kidevuni ikaingia ndani ya sweta. Nikavaa barakoa, nikaenda kazini.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa kanzu na koti zito juu yake.

"Binti, basi la saa kumi na mbili linaishia wapi?"

"Ngezi," nikasema. Nilikusudia Mbezi.

Mzee akainama, akasogeza sikio dirishani. "Ngezi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ngezi ya Pemba?" Uso ukamchangamka. "Mimi kwetu ni Pemba. Hilo basi lenu linavuka vipi?"

Kabla sijapata kalamu ya kumwandikia, mama aliyekuwa nyuma yake akauliza kama Mikumi tunashusha. Nikamthibitishia: "Nikuni." Mama akageuka kwa wenzake: "Namuuliza kituo, ananiambia ni kuni." Makambako ikatoka "Nakangako", kijana mmoja akataka kujua kama hiyo iko Zambia. Iringa peke yake ndiyo ilinihurumia. Iringa haina haja ya midomo hata kidogo! Siku ile niliitaja Iringa kwa sauti ya mahubiri, na sina hakika kama wote waliokata ya Iringa walikuwa wanakwenda Iringa.

Kufika saa mbili asubuhi wapiga debe walikuwa wameshanivua barakoa kwa utani na kunipa jina: Kambale. Meneja akaniangalia, akaangalia foleni, akasema niende nyumbani mpaka "hicho kitu" kishuke.

Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Mama mwenye nyumba akaleta maji ya moto na taulo, nikandwe. Jirani akasema chumvi. Mwingine, ambaye hata hakuulizwa, akasema nibinye pale palipozidi mpaka pasambae, kama unavyosukuma chapati. Na mimi nikabinya! Nikabinya nikiwa mbele ya kioo, huku machozi yanatoka, na kushoto kukazidi kuwa kushoto. Ndipo nikampigia mtaalamu.

"Ah, hiyo ndogo, dada. Njoo nikuongezee kulia, kulingane."

Yaani dereva kakutumbukiza mtaroni, halafu anakudai nauli ya kukutoa. Nilimuuliza yuko wapi. Alikuwa Sumbawanga. Nilipopiga tena jioni, namba ikawa haipatikani.

Jumamosi asubuhi akatokea bibi yangu kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi. Nilikuwa nimesahau kwamba anakuja.

"Shikanoo, gigi."

Bibi akatua ndizi polepole. "Marahaba. Mke mwenzangu, umeumwa na nyuki?"

Nikapima. Kumweleza bibi wa miaka sabini na kitu kwamba nimetoa laki tatu na nusu ili niwe hivi, au kukubali nyuki. Nikakubali nyuki. Kosa hilo, maana bibi ana mizinga shambani na nyuki ni jambo analolichukulia kwa uzito. Akavaa viatu vyake tena, akasimamisha bajaji, akanipeleka hospitali mwenyewe. Njia nzima ananiuliza nyuki walikuwa wangapi. Mpaka tunafika nilikuwa nimeshafikisha wanne.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia shingoni. Akauliza kimenipata nini. Bibi akawahi: "Nyuki wanne."

Daktari akavaa miwani. Akaniangalia upande huu, akaniangalia upande ule.

"Nyuki hawa," akasema taratibu, "walikuwa na boksi?"

Nikafungua pochi, nikaliweka boksi mezani. Bibi akalichukua, akaligeuza juu chini, akalichungulia ndani kama anatafuta nyuki.

Kilichofuata sitakisahau. Daktari alivaa glavu, akauweka ukucha wa kidole gumba juu ya mdomo wangu, akabonyeza, akaachia. Pakawa peupe, kisha wekundu ukarudi haraka. Akahamia sentimita moja pembeni, akabonyeza tena. Aliuzunguka mdomo mzima hivyo, kimya, na mimi nikawa sipumui. Akaniuliza kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, kama ngozi imepauka au imekuwa na michoro ya zambarau kama wavu, kama naona vizuri. Yote sivyo. Ndipo akashusha mabega, na mimi nikajua kumbe na yeye alikuwa na wasiwasi. Alinieleza: dawa hii ikiingia ndani ya mshipa wa damu, au ikaubana, ngozi inakosa damu na inaweza kufa; ikifika kwenye mishipa ya jicho, mtu anapofuka. Mwenye dalili hizo hasubiri kesho wala hasubiri fundi arudi kutoka Sumbawanga. Anakimbizwa hospitali saa ile ile.

"Wewe umevimba tu," akasema. "Na umeminywa. Nani alikuminya?"

Nikanyoosha kidole kujionyesha mwenyewe.

Akasoma boksi. Kwa bahati kulikuwa na Kiingereza kidogo chini ya Kikorea: asidi ya haialuroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe unacho. Hiyo ina sindano ya kuiyeyusha. Ingekuwa silikoni, alisema, hakuna cha kuyeyusha, hapo tunazungumzia kisu. Lile boksi nililoliomba kwa mazoea ya vishina ndilo lililompa jibu, na nikiri nilijisikia mfanyakazi hodari kwa sekunde kama tano.

Nikamwomba aniyeyushie palepale. Akakataa. Kwanza hakuwa na dawa yenyewe. Pili, siku mbili tatu za mwanzo mdomo unadanganya, huwezi kujua ipi ni fila na upi ni uvimbe. Niache kukanda, niache maji ya moto, niweke kitambaa cha baridi, nilale kichwa kimeinuka, nipige picha kila asubuhi kwenye mwanga uleule, nirudi baada ya wiki mbili. Kitambaa cha baridi hakikunipa shida. Mbeya mwezi wa sita, maji ya bomba yenyewe unayachota ukiwa umefumba macho.

Bibi hakunisemesha mpaka tuliposhuka kwenye bajaji. "Laki ngapi?" Nikamtajia. Akatembea hatua kama kumi. "Kwa hela hiyo ungenunua mizinga, ukaumwa bure."

Uvimbe ulishuka kweli. Siku ya tano nikaweza kusema "Mafinga", siku ya saba nikarudi dirishani. Sendofu ikapita, kwenye picha zote mimi natazama kushoto, utadhani kuna mtu ananidai upande wa kulia. Maana ule uvimbe ulipoondoka uliacha punje moja kushoto, ngumu, saizi ya njegere, na wiki mbili zilipotimia njegere ikawa bado ipo. Daktari akaigusa, akaandika barua ya rufaa kwenda kwa mwenzake Dar.

Nikapanda basi letu, siti ya wafanyakazi. Daktari wa Dar, kijana, akasoma barua, akaangalia picha zangu kumi na nne, akashika kalamu.

"Una mzio wowote? Umewahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili mzima?"

Nikamtazama nione kama bibi kampigia.

Hakuwa anatania. Dawa yenyewe ya kuyeyushia ni kimeng'enya, yaani kitu kinachovunjavunja vitu vingine, jina lake haialuronidezi, na ndani ya sumu ya nyuki mna ndugu yake. Mtu ambaye nyuki wanamdhuru vibaya anaweza kudhurika na dawa hii pia. Nikamwambia nimeumwa mara nyingi shambani kwa bibi, navimba pale pale palipochomwa tu. Hata hivyo akanichoma tone moja chini ya ngozi ya mkono, akaniacha kwenye benchi nusu saa nikilitazama. Halikufanya kitu. Ndipo akachoma kwenye njegere. Iliuma kuliko ile ya Mafiati, maana hii niliihisi yote, na gharama yake sitaitaja, bibi asije akasikia.

Jioni mdomo ukavimba kidogo tena. Nikiwa nimelala kwa shangazi, Mbezi, nikampigia bibi kumweleza habari ya kimeng'enya.

"Nilisema ni nyuki," akajibu, akakata simu.

Kesho yake jioni njegere ilikuwa kama punje ya mchele. Asubuhi iliyofuata niliitafuta kwa ulimi nikaikosa. Midomo ikabaki ile ya zamani, myembamba, niliyozaliwa nayo, nikapanda nayo basi la kurudi.

Tulipopita Mikumi nikataja kwa sauti ndogo, "Mikumi." Twiga walikuwa kando ya barabara, abiria wote wanawapiga picha, mimi naangalia kioo cha dirisha midomo ikikutana na kuachana. Mafinga nikaitaja mara tatu. Tulipofika Makambako nilikuwa nimeshanogewa, naitaja nimefumba macho, na mama tuliyekaa naye siti moja akanigusa bega.

"Mwanangu, unasali?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Nahesabu vituo."