Fundi anayepima bure mwogope

Nasema hivi nikiwa mwenyewe fundi kompyuta, na najua wenzangu wa Kariakoo watanuna, kwa sababu "tunapima bure" ndiyo chambo iliyoandikwa kwenye vibao vyetu vingi.

Chukua laptopu iliyozima kabisa. Umeme wa chaja, volti 19 hivi, unaingia kwenye njia moja ya bodi ambayo kapasita kibao, vidude vidogo vya kutunza umeme, zimeungwa humo. Moja ikipiga shoti, multimita, kile kipimo cha umeme, inasoma ukinzani karibu na sifuri popote utakapogusa, hivyo haikuambii mkosaji ni yupi. Unaingiza volti moja kutoka pawa saplai ya mezani, unapaka spiriti juu ya bodi, unakodoa macho uone inakauka wapi kwanza. Panapokauka ndipo penye joto, na mkosaji yupo hapo. Kumtafuta kunaweza kula asubuhi nzima. Kumng'oa kwa bloa ya hewa moto ni dakika chache. Mteja anakuja, anaonyeshwa kitu kisichofika milimita mbili: "Yaani kaka, kadude haka ndiyo unataka elfu arobaini?"

Sasa mpe kazi hiyo hiyo fundi mwenye njaa. Atasema madabodi, ile bodi kuu, imekufa. Madabodi ni kubwa, inashikika, mteja anatoa pesa bila ubishi. Au tatizo ni RAM, kile kibao cha kumbukumbu: ameichomoa, akasugua meno yake kwa ufutio wa shule, akairudisha, mashine ikawaka. Akisema ukweli anapewa "asante, Mungu akubariki". Akisema imeungua, siku yake imekwenda vizuri. Simtetei, huo ni wizi. Lakini bei ya ukweli tumeiweka sifuri wenyewe.

Na hapa Dar ndiyo balaa zaidi. Mashine za Msasani na Kigamboni huja pini zimeota kutu ya kijani kwa chumvi na unyevu wa bahari. Za mitaa yenye barabara za vumbi huja feni zimeziba, Januari joto linazimaliza. Nyingi hazihitaji kifaa kipya. Zinataka mtu wa kujua tatizo, kusafisha na kufunga. Ukikataa kulipia kujua, fundi huyo atauza nini?

Kinachonichekesha ni kwamba mteja huyo huyo taa ya injini ikiwaka kwenye Toyota yake, analipa gereji kupimiwa kwa mashine kabla hata boneti haijafunguliwa. Na mashine yenyewe ni kompyuta!

Mama mmoja aliniuliza, na alikuwa na haki: "Mwanangu, nikulipe halafu uniambie haitengenezeki?" Ndiyo, mama. Ukijua hivyo mapema, hutanunua spea za kubahatisha. Ila pesa hiyo nayo lazima impe mteja kitu mkononi. Mimi natoza elfu kumi, naitaja kabla sijashika bisibisi, na ukitengeneza kwangu naikata kwenye bili. Usipotengeneza, unaondoka na karatasi yenye vipimo nilivyosoma, umpelekee fundi umtakaye.

Wapo wanaosikia elfu kumi wakavuka barabara kwenda kwa jirani anayepima bure. Sawa, waende. Ila akibadilisha chochote, wadai kile cha zamani kabla hawajalipa.