Nahodha wa Maji ya Magoti

Samaki changu wa Timbwani, hapa Mombasa, wananijua. Nikitupa nanga tu nahisi wanavyopashana habari kule chini: "Ni yule bwana wa ndoana kutu, laleni." Miaka 11 navua ndani ya mwamba na kidau changu Subira, futi 14, na muda wote huo samaki wanazidi kuwa wadogo na mimi nazidi kuwa mnene. Sasa tumefika mahali ambapo nikimtoa changu majini, yeye ndiye anayenitazama kwa huruma.

Na hapo nje ya mwamba, pale ninapopaona kwa macho yangu mawili, nguru wanapita. Jodari wanapita. Sulisuli wanaruka kama wamealikwa harusini. Wenye vyombo vikubwa wanarudi asubuhi na nguru wamelala mikia nje, wamebanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni, na mimi nashuka na kikapu ambacho paka akikichungulia anageuka anakwenda zake.

Basi mwezi wa kumi na moja nikamwambia mama watoto: nataka chombo kikubwa. Cha maji makuu.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kwa pesa gani?"

"Laki nne." Zilitoka kwenye kiwanja cha marehemu baba, tulichogawana ndugu saba baada ya vikao tisa.

"Nunua friza," akasema. "Tuuze barafu kwa hao wenye vyombo."

Nikacheka. Mwanamume nikacheka mpaka nikakohoa. Kumbuka kicheko hicho.

Mvuvi yeyote wa hapa atakwambia kwamba kaskazi ndiyo msimu wetu. Kuanzia Desemba mpaka Machi bahari ya nje inatulia, mtu anatoka na upepo wa umande alfajiri na kurudi mchana bila kuandika wasia. Ikifika Aprili, kusi inaingia, na mambo inayofanya kwenye ule mwamba hayafai kusimuliwa mbele ya watoto. Kwa hiyo nilikuwa na miezi minne na zaidi ya kutafuta chombo. Muda wa kutosha kabisa. Mtu anajenga nyumba kwa miezi minne.

Kosa nililofanya ni kwenda kusema barazani. Mombasa ukiuliza njia unaweza ukapotea, lakini uliza habari ya chombo, utapata walimu mpaka uwakimbie. Pale Mji wa Kale, kikombe cha kwanza cha kahawa tungu hakijapoa, fundi cherehani kashanipimia boti: chini ya futi 30 usitoke. Muuza kahawa akasema ununue ya mbao, faiba haina roho. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa karani wa bandari, akaapa kwamba bila injini mbili ni kujiua, maana hata meli haiji Kilindini na injini moja. Maneno hayo yaliniumiza wiki mbili, nikipiga hesabu ya injini mbili wakati sina hata moja. Baadaye mabaharia wakanicheka: hayo mameli ya makontena mengi yake yanakuja na injini kubwa moja tu, na yanatoka Uchina nayo.

Chombo cha kwanza nilichokwenda kukitazama kilikuwa Mtwapa. Boti ya faiba, futi 28, rangi ya buluu mbichi kiasi cha kushika kidole, ubavuni imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Dalali anataka 380,000 bila mashine. "Hii, shekhe, imefika Pemba ikarudi," akasema. Sikumuuliza ilirudi na nani.

Nilikwenda na shemeji yangu, makanika wa tuktuk, mtu ambaye haamini rangi. Akaanza kuigonga ile boti kwa kifundo cha kidole kuanzia omo, ile sehemu ya mbele, kama mtu anayechagua tikiti maji. Ko, ko, ko. Faiba nzima inalia ko. Ko, ko, bu. Hapo kwenye bu, tabaka zimeachana na ndani pana maji au hewa. Kila bu ikilia, dalali anakohoa. Tulipofika katikati nilidhani ana kifua kikuu.

Lakini kiama kilikuwa nyuma, pale mashine inapofungwa. Sikuwa najua, na wewe mwenye laki zako usiende bila kujua: nyuma pale si faiba tupu, ndani mna mbao. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, zile mbao zinaoza polepole mpaka ziwe kama mahamri yaliyosahauliwa ndani ya chai, na kwa nje huoni kitu, rangi inang'aa. Shemeji akajiegemeza kwa uzito wake wote. Boti ikapumua. Wallahi ikapumua! Na kwenye tundu la bolti likachuruzika tone la maji ya kahawia.

"Maji ya mvua hayo," dalali akasema.

Mvua ya lini, tena ya kahawia? Mashine ya farasi 40 ina kilo 70 hivi, na nguvu zake zote zinasukuma hapo hapo. Ningefika nje ya mwamba, mashine ingeendelea na safari yake na mimi na yangu.

Desemba ikaisha.

Januari nikaenda kwa fundi wa mashua, mzee wa makamo ya babu yangu, amekaa juu ya gogo anachonga taruma, zile mbavu za mashua, bila kipimo chochote isipokuwa jicho lake. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza kwa adabu. "Mzee, mashua ya futi 26, ya maji makuu, kwa laki nne. Inawezekana?"

"Inawezekana," akasema. "Utapata nusu."

Moyo ukaruka. "Kwa nusu ya bei?"

"Nusu ya mashua. Omo mwaka huu, tezi mwakani."

Ila alinifundisha, hilo namshukuru. Akasema baraza zima limeshika urefu kwa sababu urefu ndio mtu anaouona akiwa amekaa na kikombe. Mawimbi ya nje hayaulizi urefu. Yanauliza ubavu umeinuka kiasi gani juu ya maji ukishapakia watu, barafu na samaki, na kifua cha chombo kina upana gani. Subira wangu yuko bapa chini, anafaa kupita juu ya matumbawe maji yakiwa haba, mpeleke nje, kila wimbi linampiga kofi, "na utavunjika kiuno wewe kabla hazijavunjika mbao." Anayekwenda nje anataka omo iliyochongoka chini ipasue maji, na mkuku, ule mti wa chini kabisa, wa kumshika asiyumbe.

Habari ya mbao akanieleza kwa kifupi, labda aliona viatu vyangu. Mvule ni wa matajiri. Mwembe ni wetu sisi, lakini unaoza upesi, ukae ukijua. Kisha kila mwaka kalafati, pamba na mafuta kwenye kila mwanya wa mbao. Shahamu chini, chokaa na mafuta ya mnyama, ili chaza wasigande na dudu wasile. Na moto wa makuti ya kuwaua walioingia. Nikamsikiliza nikaona huyu hanielezi mashua, ananielezea mtoto mchanga: kupakwa mafuta, kufutwa, kukandwa kwa moto, na usiku kucha unaamka kutazama kama kamejilowesha.

Nyumbani nikakuta watoto wameshapata suluhisho. Binti yangu wa kidato cha pili amesoma habari za Flipflopi, lile dau lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kuvishwa rangi zote za malapa ya zamani, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Kweli tupu, lipo. Wadogo zake wakaanza kukusanya malapa usiku ule ule. Yangu yakaenda ya kwanza. Ijumaa iliyofuata yakapotea ya watu watatu msikitini, na mimi nikatoka nikitazama mbele kama mtu mwenye mawazo ya akhera.

Binti huyo huyo ndiye aliyeniua kwa hesabu. Nilimwita anisaidie, nikijua mimi nahodha na yeye karani. Mashine ya 40, hii ya kuchanganya petroli na oili, ukiifungulia yote inakunywa lita 15 mpaka 20 kwa saa. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, weka lita 50. Tukaipigia shilingi 180, maana ile Septemba ya 2023 ilivyoruka 200 sitaki hata kuikumbuka. Hiyo 9,000. Oili lita moja. Barafu. Chambo. Chai na mahamri ya mabaharia, ambao hawajawahi kwenda baharini na njaa wala kurudi wameshiba. Ikafika 11,200 kabla ndoana haijalowa.

"Nguru ukimuuza 400 kwa kilo hapa ufukweni," akasema, "kilo 28 za kwanza si zako, baba. Ni za bahari."

"Na zinazobaki?"

"Zinagawanywa. Fungu la chombo, fungu la mashine, na fungu la kila baharia."

"Na mimi fungu langu lipi?"

Akanitazama. "Wewe ni chombo."

Miaka miwili ya karo nimelipa ili niitwe chombo sebuleni kwangu.

Basi mashine kubwa ikatoka. Nikasema tanga. Upepo hauna kituo cha mafuta. Na hapo ndipo likatokea la Mtongwe: mashua ya mbao, futi 24, ubavu umesimama, kifua kipana, jina HAYA NI YA MOLA. Mwenyewe anahamia Tanga lakini tanga analiacha. Anataka 310,000. Shemeji akakagua vichwa vya misumari, maana msumari ukilia machozi ya kutu ujue ubao umelegea. Vilikuwa vinne tu vinavyolia. Tukaiacha imelala majini siku mbili mbao zinywe zivimbe, siku ya tatu alfajiri tukatazama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo: maji ya kujaza sufuria. Sufuria ya pilau ya harusi, sawa, lakini sufuria. Tukashindana bei majuma matatu, ikakaa 270,000. Shemeji akaniletea na kimashine kikuukuu cha farasi 15, cha kutuvuta upepo ukifa, kinachokohoa kama yule dalali. Nikanunua foromali mpya, ule mti wa kufungia tanga, kamba, jaketi za kuokolea maisha, nikaenda kushughulikia leseni na ukaguzi, na mfuko ukabaki na sauti ya funguo peke yake.

Hapo mama watoto akauliza swali ambalo baraza nzima, dalali, fundi na karani mstaafu hakuna aliyeliuliza.

"Itakaa wapi?"

Subira tunamvuta watu wawili mpaka chini ya mkungu, imekwisha. Huyu mpya anataka wanaume 12, na maji yetu hapa, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3: asubuhi mashua inaelea kama malkia, adhuhuri imelala kwa ubavu mchangani kama mlevi wa Krismasi na watoto wanateleza juu yake. Kuitia kalafati lazima ipande juu, tena siku ya bamvua, nayo bamvua ni mara mbili kwa mwezi. Ya kwanza ikanipita kwa sababu wanaume 12 walitokea saba. Ya pili wakatokea 19, wote wameshasikia kuna chai. Tulikula mahamri 60 na mbaazi sufuria mbili. Wa kuvuta walikuwa wale wale saba.

Ilivyopanda, tukaanza. Pamba, mafuta, shahamu, moto wa makuti. Kila ufa nilioziba ulikuwa na binamu yake upande wa pili. Misumari minne inayolia ikawa 31. Nikapaka rangi, nikaandika jina upya kwa mkono wangu, nikafunga tanga, nikatia barafu kwenye sanduku, barafu niliyoinunua kwa jirani mwenye friza.

Ilikuwa tarehe 9 Aprili. Usiku ule nikasikia bati la jikoni linaanza kusema. Alfajiri nikatoka: mwamba mzima mweupe povu kutoka mwanzo mpaka mwisho, upepo unanipiga usoni kutoka kusini. Nikampigia simu yule mzee fundi. Akaniacha niongee weee, kisha akasema, "Mwezi wa kumi, inshallah," akakata.

Kwa hiyo, jirani, ukipita Timbwani ukaona mashua nzuri imeegeshwa chini ya mkungu, rangi haijaguswa na chumvi, usiulize. Mimi niko pale mbele, maji ya magotini, ndani ya Subira, na changu wangu wanashangaa nilikuwa wapi miezi yote hii.

Ndani ya mashua ameingia kuku wa mama watoto. Amejitengenezea kiota ngamani, juu ya mabaki ya pamba ya kalafati, na ukisogea anakufukuza kama mwenye chombo. Jana nimekuta mayai matano. Tukakaa mkekani kugawana: moja fungu la chombo, moja la mashine ingawa haijawaka, na matatu ya baharia, maana yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi. Mama watoto akachukua ya baharia kwa niaba yake, akayachukua na ya mashine, akaniuliza langu nalitaka la kukaanga au la kuchemsha.