Kabla ya Kuulizia Kaboni, Uliza Unene

Julai 30, 2024, jijini Paris, Wang Chuqin na Sun Yingsha walikuwa ndiyo kwanza wametwaa dhahabu ya Olimpiki ya mpira wa meza, wawili wawili mchanganyiko, pale mpiga picha mmoja alipoikanyaga raketi ya Wang ikavunjika. Kesho yake Wang, namba moja wa dunia wakati huo, aliingia kwenye mechi ya mmoja mmoja na raketi ya akiba, akatolewa 4–2 na Truls Möregårdh wa Sweden kwenye hatua ya 32 bora. Mwenyewe hakutaka kuitupia raketi lawama. Mitandaoni, hata hivyo, watu waliuliza: mchezaji mkubwa kama huyo si lazima ana nyingine ya aina ile ile?

Anayo, bila shaka. Ila vibao viwili vya jina moja si kibao kimoja. (Kibao, kwa wasiozoea, ni ile sehemu ya mbao, kwa kawaida matabaka kadhaa yaliyogundishwa, kabla hujabandika raba.) Weka mizanini viwili vya modeli moja, vyenye chapa moja na bei moja, na usishangae kimoja kikisoma gramu 84 na mwenzake 91. Mti haukui kwa kufuata katalogi.

Nalisema hili kwa sababu pale tunapochezea, mtu akija na kibao kipya swali linalomlaki ni moja tu: "Kina kaboni?", yaani nyuzi za kaboni kati ya matabaka ya mbao. Akijibu hapana, anaonewa huruma. Mimi naona swali hilo linastahili kuja la nne au la tano, baada ya unene, uzito, mbao ya juu na kiini, yaani tabaka la katikati.

Tuanze na sheria. Shirikisho la kimataifa, ITTF, linataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao asilia. Tabaka la gundi linaruhusiwa kutiwa nguvu kwa nyuzi za kaboni au za kioo, ila lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo. Chukua kibao cha milimita 6: asilimia 7.5 yake ni 0.45, kwa hiyo mpaka ni ile 0.35. Maana yake hata kibao cha kaboni kilichokukausha mfuko ni mbao karibu chote.

Sisemi kaboni haifanyi kazi. Inafanya, lakini kazi yake inategemea imelazwa wapi. Viscaria ya Butterfly, kibao ambacho Zhang Jike, bingwa wa Olimpiki wa 2012 kutoka China, alikipa umaarufu, ina koto juu, chini yake nyuzi za kaboni zilizofumwa pamoja na arileti (aina ya uzi wa plastiki), kisha limba, na katikati kiri, mbao nyepesi sana. Innerforce Layer ALC ya kampuni hiyo hiyo ina nyuzi za aina hiyo hiyo na kiini cha kiri vilevile, ila nyuzi zimesogezwa ndani zikagusana na kiini, na juu kuna limba. Cheza mpira mfupi kwa Innerforce, utahisi uko na kibao cha mbao tupu. Kaboni inakuja ukivuta topspini, ule mpira wa kuzungushwa kwenda mbele, kwa nguvu. Viscaria haisubiri, hata mguso mdogo inaujibu. Kibao kikipinda, matabaka ya nje ndiyo yanayovutwa na kubanwa kuliko mengine, na ya katikati yanasumbuka kidogo tu. Ndiyo maana nyuzi zilezile zikikaa nje zinakaza kibao zaidi kuliko zikikaa ndani.

Unene ndio wanaousahau wengi, na kwangu ndio wenye neno kubwa kuliko yote. Ukakamavu wa kibao hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Toa kibao kwenye milimita 5.5 ukipeleke 6.0 kwa mbao zilezile: uzito unaongezeka kama asilimia 9, ukakamavu karibu asilimia 30. Nusu milimita! Kuna kibao cha mbao tupu chenye matabaka saba kama Clipper ya Stiga, hakina hata uzi mmoja wa kaboni, na bado mtu akikupigia smeshi nacho utaokota mipira nyuma ya ukumbi.

Mbao ya juu ndiyo ambayo mkono unaisikia. Koto ni ngumu, inautoa mpira haraka na kwa sauti kavu. Limba ni laini kidogo, mpira unakaa kitambo, na anayejifunza kuuzungusha anapata muda wa kujua anachofanya. Hinoki ya Japani ni ulimwengu wake: wachezaji wa mshiko wa kalamu wa Korea na Japani walizoea kipande kimoja tu chenye unene wa milimita 9 au 10, bila tabaka la pili. Na kwa taarifa yako, koto, limba na ayous zote ni miti ya Afrika, kuanzia misitu ya magharibi hadi Kongo. Inasafiri hadi Japani, Sweden na China, halafu sisi tunairudisha kwa bei ya kutisha ikiwa imechongwa mpini.

Hapo ndipo wengi huniuliza kwa nini fundi wetu wa mtaani asichonge. Anaweza, ila aache kwanza mbao zake za heshima. Kichwa cha kibao cha ukubwa wa kawaida, milimita 157 kwa 150, kikiwekwa kiini cha milimita 4 cha mvule, kiini hicho peke yake kinafika kama gramu 48. Cha kiri hakizidi sana gramu 22. Ongeza vinia (yale matabaka membamba ya mbao), mpini na raba mbili, na bega litakuambia lenyewe kufikia seti ya tatu. Mvule na mninga ziachie makabati. Kiini kinataka mti mwepesi, mkavu, usio na fundo.

Kazi yenyewe nimeitazama ikifanyika. Vinia ya pili inalazwa kukata nyuzi za kiini, ya juu inarudi kufuata urefu wa mpini. Gundi inapakwa nyembamba kwa rola, kwa sababu gundi ya ziada ni uzito na ukavu ambao hukuuomba. Kisha jiliwa, na mbao mbili bapa, hadi kesho. Upande mmoja ukiwa na vinia nene kuliko mwingine, kibao kitajikunja, na kwa unyevu wa Dar au Mombasa hakitachukua muda mrefu. Baada ya msasa fundi anashika mpini kwa vidole viwili na kudundisha mpira kwenye mbao tupu: sauti nyembamba inamwambia kibao ni kikakamavu, sauti nzito kinapinda. Fundi mzuri huwa amekwisha kupima kila vinia kabla ya kuigundisha, na hapo ndipo pesa ya kibao cha kuagiza inapokwenda. Akikuuzia jina la nyuzi tu bila kukutajia gramu wala milimita, rudi na hela zako.

Kama ungeniagiza nikuchagulie leo, na hujafikia kucheza ligi, ningekupa matabaka matano, limba juu, ayous katikati, milimita 5.7 hivi, gramu 85, na vanishi nyembamba ili nyuzi za mbao zisibanduke siku ya kubadili raba. Na ningemwambia fundi apunguze mpini, maana ile ya dukani inazidi viganja vya vijana wengi ninaowaona mazoezini.